Kukimbia bila kukimbizwa

Asanteni kwa barua mlizotuwekea ndani ya sanduku la shule. Mwezi huu nyingi zilikuwa na swali moja: mtu ambaye hajawahi kufanya spoti ya mbio aanzeje bila kujiumiza?

Swali limetoka sana kwa familia zenye vijana walioshuka Bujumbura. Wengine wamefuata matibabu, wengine wanakaa kwa ndugu, wengine wanatafuta kazi ya kubeba mizigo upande wa Bandari. Wanaona watu wa mjini wanakimbia asubuhi, na wao wanataka. Ndiyo maana safu yetu mara hii inateremka milima mpaka kando ya ziwa. Mlio huku kambini msiache kusoma, kwani karibu yote tutakayosema yanafaa hata kwenye uwanja wetu wa mpira.

MKIMBIZI NA MKIMBIAJI

Kiswahili kimetupa maneno mawili kutoka mzizi mmoja. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia hatari. Mkimbiaji ni mtu anayekimbia kwa sababu amependa. Sisi wengi tulijifunza mbio siku moja tu, usiku, mtoto mgongoni na bidoni mkononi. Hakuna aliyetuambia tupashe mwili moto kwanza. Tulikimbia mpaka nguvu zikaisha, halafu tukaendelea.

Sasa, kijana akiamua leo kuanza mazoezi, mara nyingi anakimbia kwa namna ile ile. Anatoka mlangoni kama amefukuzwa. Dakika tatu, kifua kinawaka, kichomi kimemshika ubavuni, anarudi nyumbani anasema mbio si za watu kama yeye. Au anang'ang'ania siku nne mfululizo mpaka goti linavimba, na wiki mbili hatembei vizuri. Shida yake siyo mwili mbovu. Ameanza mbio za kuchagua kwa mwendo wa mbio za kuogopa.

Kwa hiyo jambo kubwa la mwezi huu ni hili: anza polepole kiasi kwamba unaona hata aibu kidogo. Mbio za mkimbiaji zina ruhusa ya kusimama. Ukichoka, tembea. Hakuna aliye nyuma yako.

KABLA YA HATUA YA KWANZA

Wapo watu wanaopaswa kupita kwanza kwenye kituo cha afya na kumwuliza muuguzi. Ni mwenye presha, mwenye sukari, mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, na mtu mzima aliyekaa miaka mingi bila kazi ya nguvu. Kuuliza hakumaanishi utakatazwa. Wengi wataambiwa watembee haraka kwanza, na kutembea ni dawa nzuri.

Siku ya homa usikimbie. Huku kwetu homa inaweza kuwa malaria, na wapo wanaosema eti jasho litaitoa. Hapana, jasho halitoi malaria. Nenda ukapimwe. Aliyeharisha naye apumzike mpaka nguvu zirudi, maana mwili umepoteza maji na chumvi.

Halafu kuna chakula. Tunajua mgao ulivyo, hatutawaambia mle nyama na mayai. Tunasema hivi: anayekula mara moja kwa siku afanye zoezi dogo, dakika 20 mpaka 30 za kutembea na kukimbia kidogo, tena siku tatu tu kwa wiki. Usikimbie ukiwa na njaa ya kutetemeka, wala mara baada ya kushiba ugali; ngoja kama saa mbili. Ndugu zetu Waislamu wakati wa Ramadhani watembee polepole karibu na kufuturu, au wafanye baada ya kufuturu kama mahali ni salama.

Kijana anayebeba magunia bandarini kutwa nzima, huyo tayari amefanya zoezi la mgongo na miguu. Jioni asiongeze mbio juu yake. Achague siku ambayo hakupata kazi.

MPANGO WA WIKI KUMI

Chukueni kalamu, muandike nyuma ya daftari. Ni siku tatu kwa wiki, na katikati unapumzika siku moja au mbili. Kila siku unaanza kwa kutembea dakika 5 na unamaliza kwa kutembea dakika 5.

Wiki ya 1 na 2: tembea haraka dakika 30, usikimbie kabisa.
Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.
Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 2, tembea dakika 2. Rudia mara 6.
Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 3, tembea dakika 1. Rudia mara 6.
Wiki ya 9 na 10: kimbia dakika 5, tembea dakika 1. Rudia mara 4.

Baada ya hapo jaribu dakika 20 bila kutembea. Wiki ikikushinda, irudie. Hata ukiirudia mara tatu hakuna anayekudai.

Huna saa? Hesabu nguzo za umeme au miti. Kimbia miti miwili, tembea miti minne. Wengine wanatumia wimbo: ubeti mmoja kukimbia, beti mbili kutembea.

Wimbo una faida nyingine. Mtu anayekimbia mwendo unaofaa anaweza kuongea na mwenzake sentensi nzima. Ukishindwa kusema "leo tumekula maharage na ndagala" bila kukata pumzi katikati, umezidisha, punguza. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala pesa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya kawaida kwa wiki, kama kutembea haraka. Watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate dakika 60 kila siku, na hizo wanazipata kwenye kuruka kamba na mpira. Mtoto mdogo msimpeleke mbio ndefu za watu wazima.

VIATU

Mwaka 2016, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza iliingia timu ya wakimbizi, watu 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya. Mmoja ni Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu na kukimbia mita 800. Mbio zake za kwanza zilikuwa kilomita 10 pale kambini, mwalimu ndiye aliyemsukuma ajaribu, na alikuwa wa pili bila kufanya mazoezi.

Habari hiyo inapendeza, lakini someni na ya mwenzake James Nyang Chiengjiek. Yeye alisimulia kwamba mwanzoni waliumia sana wote kwa sababu ya viatu visivyowafaa, maana walikuwa wakiazimana. Mpaka Olimpiki mtu anafika, lakini kiatu kibaya kinaweza kumrudisha njiani. Tujifunze hapo.

Sokoni kwenye mitumba, usitazame rangi wala jina la kiatu. Ingiza mguu jioni, wakati umevimba kidogo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kunja soli: ikunjike penye vidole, isikunjike katikati kama chapati. Tazama kisigino, kama kimelika upande mmoja, kiache. Kiatu kidogo ni kibaya kuliko kiatu kikuukuu. Ukikiazima kwa mtu, hakikisha ni saizi yako kweli.

Usikimbie na kandambili, utaanguka. Mwenye miguu mitupu akimbie kwenye majani au udongo laini uliotazamwa kwanza, asipite penye chupa na misumari. Malengelenge yakitokea usiyatoboe. Osha kwa sabuni, funika na kitambaa safi, pumzika.

UKIWA UPANDE WA BANDARI

Sasa tuseme na vijana wetu walioko kule. Bandari ya Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670. Mizigo inakuja kutoka Kigoma, Tanzania, na Mpulungu, Zambia. Mji upo kwenye mita kama 770 juu ya bahari, chini sana kuliko milima yetu, kwa hiyo joto la huko si la huku. Aliyezoea baridi ya mlimani atatoka jasho mara mbili. Siku kumi za kwanza afanye nusu tu ya mpango wake.

Kuna mambo sita ya kukumbuka kule.

Kwanza, usiingie ndani ya eneo la Bandari kukimbia. Pale ni mahali pa forodha, kuna walinzi, mizigo inapandishwa na kushushwa. Ulinzi ukikusimamisha una haki.

Pili, malori. Barabara za kwenda Bandari zina magari mazito, na dereva aliye juu haoni mtu mdogo aliye chini. Burundi magari yanapita kulia, basi wewe kimbia ukingo wa kushoto ili uyaone yanakuja mbele yako. Mliokaa Tanzania au Uganda mlizoea kinyume, angalieni sana. Usivae redio masikioni. Vaa nguo ya rangi ya kuonekana.

Tatu, viboko. Msicheke, hili si hadithi ya watoto. Viboko wa Ziwa Tanganyika hutoka majini usiku kula majani, hata pembeni mwa mji, na hurudi majini alfajiri. Ukimkuta njiani ukawa katikati yake na maji, anaona umemzibia mlango wake. Kibokò anakimbia kuliko mtu. Basi usikimbie ufukweni kabla jua halijatoka vizuri, wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Ukimwona kwa mbali, simama, rudi ulikotoka polepole, usimpigie kelele wala picha. Na mamba wapo pia, hasa upande wa mto Rusizi. Mafuriko ya ziwa ya 2020 na 2024 yaliingia Gatumba na mitaa ya ufukweni, kwa hiyo usiamini njia uliyoielezwa zamani. Uliza wavuvi wa leo.

Nne, maji. Usinywe maji ya ziwa hata kiu ikikushika vipi. Mwezi Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa ndani yake. Kunywa maji safi kabla ya kutoka na ukirudi. Kwa zoezi lisilofika saa moja maji peke yake yanatosha. Aliyeharisha ndiye anayehitaji maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Andikeni kipimo hiki ukutani, kinafaa nyumba nzima.

Tano, karatasi. Unayetoka kambini uwe na ruhusa yako ya kutoka, na kitambulisho kiwe mfukoni hata siku ya mbio, ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe jasho.

Sita, makundi. Watu wa Bujumbura wana desturi ya zamani ya kukimbia kwa makundi siku za mwisho wa wiki, wakiimba na kupiga makofi. Inafurahisha kuiona. Lakini Machi 2014 wakubwa wa nchi walikataza kukimbia kwa makundi barabarani mjini, wakasema yafanyike kwenye viwanja walivyotaja tu, kwa hofu kwamba siasa imeingia ndani ya spoti. Sisi katika gazeti hili hatuandiki siasa. Tunasema tu, mgeni asijiunge na kundi asilolijua linakwenda wapi. Uliza nyumba kumi au mkuu wa mtaa ni wapi panaruhusiwa na ni saa ngapi. Wawili au watatu wanaofahamiana wanatosha.

BINTI ZETU

Mama mmoja ametuuliza: binti akikimbia, watu watasemaje? Na baba mmoja ameuliza swali gumu zaidi: je, atarudi salama?

Mama, la watu tunalijibu kwa mfano. Francine Niyonsaba alizaliwa upande wa Ruyigi, huku huku kwenye milima ya mashariki ya Burundi. Mwaka 2016 kule Rio alichukua medali ya fedha mita 800. Mtoto wa mlimani aliyesimama mbele ya dunia, na nchi yake nzima ilifurahi.

Baba, la usalama hatulichukulii mchezo. Binti asikimbie peke yake, wawe wawili au watatu, tena na dada mkubwa au mama mmoja amekaa kiwanjani. Muda uwe mchana mweupe. Nyumbani wajue njia na saa ya kurudi. Njia isipite kwenye vibanda vya pombe wala vichakani. Nguo iwe ile ambayo yeye na ninyi mmekubaliana. Suruali pana chini ya kitenge chepesi inatosha kabisa kuanza nayo. Na tunawaomba kaka zao: kazi yenu hapo ni kulinda uwanja uwe na heshima, msiwe wa kupiga mbinja.

Akisema kuna mtu anamfuata au anamsumbua, msimwambie aache mbio na yaishie hapo. Mwamini, kisha mpeleke habari kwa wanaohusika na ulinzi wa wanawake na watoto. Huyo mtu hatamsumbua kwenye mbio tu, atamsumbua hata kisimani.

MAUMIVU YA KAWAIDA NA YA HATARI

Misuli kuuma siku mbili baada ya kuanza ni kawaida. Tembea kidogo, itapita. Maumivu makali ya mahali pamoja, kwenye goti, kifundo au mfupa wa mbele wa mguu, hayo yanasema simama. Pumzika siku kadhaa, weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu. Usipakwe majivu ya moto wala kuvutwa mguu na mtu asiyejua.

Kifua kubana, kizunguzungu, kukosa pumzi hata umesimama, moyo kuruka ruka: simama mara moja, omba msaada, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtu aliyezidiwa na joto, anayeongea maneno yasiyoeleweka, mwekeni kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepeeni, mumkimbize kwa muganga. Asiyejitambua msimnyweshe maji, yatampalia.

Kuna na maumivu mengine ambayo hayaonekani. Moyo kwenda mbio, pumzi kuwa fupi, jasho: mwili wa mtu aliyewahi kukimbia risasi unazikumbuka hizo dalili. Wapo watakaoshikwa na hofu katikati ya uwanja bila kujua imetoka wapi. Ndugu, hujawa mwendawazimu. Tembea. Toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: goli, mbuzi, bendera, mti, mwenzako. Mwambie mwenzako aongee nawe. Ikirudi kila mara, nenda kwa washauri wa afya ya akili, na kwa sasa baki kwenye kutembea. Wengi wanaona baada ya wiki kadhaa kwamba moyo umejifunza kitu kipya: kwamba unaweza kwenda mbio na pasiwe na hatari.

MFANO WA KUFUNGIA

Mwaka 1996 Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta, Marekani. Venuste Niyongabo alikuwa hodari wa mita 1500. Mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa amekosa Olimpiki zilizotangulia kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1500, yeye akaenda kwenye mita 5000, mbio alizokuwa amezikimbia mara chache tu. Akashinda dhahabu, ya kwanza kwa Burundi.

Sisi hatuwaahidi dhahabu. Tumeupenda mfano huu kwa sababu mtu alimtazama mwenzake kabla ya kujitazama mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo: kundi lenu liende kwa mwendo wa yule wa nyuma. Mwenye mguu mwepesi azunguke arudi kumchukua.

KAZI YA MWEZI HUU

1. Kila familia ichague watu wawili watakaotembea dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa wiki mbili.
2. Andikeni majina, siku na muda kwenye karatasi, mbandike nyuma ya mlango.
3. Mwenye presha au sukari apimwe kabla ya tarehe ya kuanza.
4. Wenye vijana Bujumbura, wasomeeni sehemu ya Bandari kwenye simu, hasa habari ya viboko na malori.

Tuandikieni mmefikia wapi. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua zenu kuhusu usingizi wa watoto wakati wa mitihani. Kaeni salama, na mwende polepole.

Waalimu wenu wa kujitolea